Bibi Shamba wa Ghorofani: miche inalala, miche inarefuka kama uzi

Safari hii karibu barua zote ni za watu wanaootesha mbegu ndani, wengine sebuleni, wengine jikoni juu ya friji, na mmoja kabisa chooni maana anasema ndo kuna dirisha la maana. Sicheki. Mi mwenyewe nimekaa flati miaka na miche yangu imepita mpaka chini ya kitanda. Haya tuanze.

Bibi Shamba shikamoo. Nakaa Sinza, uwanja sina, nimesia nyanya kwenye trei ya matundu 128 nikaiweka sebuleni. Siku ya sita zikaota nikafurahi nikapiga picha nikaweka stetasi. Siku ya kumi naamka naona kama kumi hivi zimelala, kashina kamebana hapo chini usawa wa udongo kama kamefungwa uzi, majani bado kijani. Jioni zikawa thelathini. Na mimi namwagilia asubuhi na jioni sikosi hata siku moja. Nimekosea wapi?

Marahaba mwanangu. Hapo uliposema hukosi hata siku moja ndo umejijibu.

Huo ugonjwa unaitwa kinyausi, na kila mtu aliyewahi kuwa na kitalu ameshalia nao. Ni vimelea jamii ya ukungu wanaokaa kwenye udongo, wanaojulikana zaidi ni Pythium na Rhizoctonia, na hao hawana haja ya kutafuta mche mkubwa, wanapenda kamche kenye siku nane ama kumi ambako shina bado ni laini kama tambi iliyoiva. Wanaingia pale shingoni, panakuwa kama pamelowa, panakuwa kahawia, panasinyaa, mche unaanguka huku juu majani hayajui kama yameshakufa. Ndo maana uliona kijani. Uliyeanguka haunyanyuki tena, usijisumbue kuuegemeza na njiti za kiberiti kama nilivyofanya mimi mwaka wangu wa kwanza, nilikaa usiku mzima na njiti.

Sasa leo hii fanya hivi. Chukua mkasi mkubwa, trei yako ni ya plastiki laini inakatika, kata ule upande wote uliolala pamoja na mistari miwili ya jirani hata kama inaonekana mizima, toa nje kabisa usiache ndani ya nyumba. Iliyobaki usiipe maji mpaka juu pakauke pabadilike rangi. Washa feni, spidi ya chini kabisa, isiipige miche usoni, ipite tu juu juu hewa itembee. Dar unyevu wa hewa tu unatosha kukuumiza, sasa wewe unaongeza na kopo mara mbili kwa siku.

Miche yenye majani mawili hainywi sana jamani. Ukiwa ndani, hakuna upepo hakuna jua kali, trei inaweza kukaa siku mbili mpaka tatu na haina shida. Njia ya kujua sio kalenda wala saa, ni mkono. Inyanyue trei ikiwa imelowa vizuri, uhisi uzito wake, kesho inyanyue tena, keshokutwa tena, kuna siku utaihisi nyepesi kama umenyanyua trei tupu ya mayai, hiyo ndo siku ya maji. Na maji yenyewe usimwagie juu. Weka maji kidogo kwenye beseni, urefu wa vidole viwili, kalisha trei humo dakika 15 mpaka 20, inyonye yenyewe kwa chini, ukiona juu pameanza kuwa peusi itoe ichuruzike. Fanya asubuhi, sio jioni, jioni unailaza na nguo mbichi.

Halafu udongo uliutoa wapi? Hukusema. Ukichota kwenye ndoo ambayo mwaka jana ilikuwa na nyanya, ujue umewachota na wao. Wazee wetu walikuwa wanachoma majani makavu na takataka juu ya kitalu kabla ya kusia, sio ushirikina ule, moto ulikuwa unaua hao wadudu na ukungu kule juu. Wewe wa ghorofani huwezi kuwasha moto sebuleni, kwa hiyo tumia vumbi la makumbi ya nazi, yale ya kubonyezwa kama tofali, yaloweke uyasuuze mara mbili tatu kwa maji baridi maana yana chumvi, uyakamue. Ukikamua ngumi ikatoa tone moja mbili iko sawa, ikichuruzika bado. Na trei ya zamani ioshe na jiki, sehemu moja ya jiki kwa sehemu tisa za maji, iloweke dakika kumi, isuuze, ianike juani.

Kuhusu dawa, najua dukani watakuuzia. Mi sikatai ila ujue unanunua nini, zile zenye metalaxyl zinamgusa Pythium lakini Rhizoctonia haimsumbui hata kidogo, na wewe kwa macho huwezi kujua nani kakuingilia. Kupunguza maji kunawabana wote wawili na hakuna risiti.

Nikwambie kitu, mwaka fulani nilipoteza trei mbili za hoho na nilikuwa namwagilia vizuri kabisa, kwa kunyanyua hivyo hivyo ninavyokwambia. Nikashangaa mbona trei haiwi nyepesi. Kumbe mjukuu wangu, miaka minne, akitoka shule naye anachukua kikombe chake cha chai anawapa wadogo zake maji. Kwa hiyo uliza na humo ndani kwako.

Bibi Shamba habari yako. Mimi niko Roysambu, ghorofa ya tatu. Pilipili hoho zangu zimekuwa ndefu nyembamba, zimelalia upande wa dirisha zote kama watu wanachungulia fujo. Niliona video moja ya kule majuu jamaa anasema weka kwa dirisha linaloangalia kusini, na yangu ni la kusini kabisa lakini wapi. Ama ninunue taa? Na hiyo si itamaliza tokeni?

Huyo jamaa hakukudanganya, yeye yuko kwao. Kule Ulaya na Marekani jua halijawahi kukaa juu ya kichwa chake, mwaka mzima linapita upande wa kusini, kwa hiyo dirisha la kusini kwake ni dhahabu. Wewe Nairobi uko karibu kabisa na ikweta, chini yake kidogo. Kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka mwishoni mwa Septemba jua la mchana linapita kaskazini kwako, dirisha lako linaangalia kivuli. Likirudi kusini Oktoba huko bado saa sita liko juu ya paa, haliingii ndani. Jengo letu la kwetu huku linapata jua la kweli kwenye madirisha ya mashariki na ya magharibi, na la mashariki ndo zuri zaidi maana la asubuhi halichomi. Ukiwa na rafiki upande ule wa jengo mpe soda akuwekee trei.

Miche kurefuka hivyo ni njaa ya mwanga, inakimbia kutafuta. Na joto linazidisha, ndo kosa la pili la watu wa hoho. Mbegu ya hoho inataka joto ili iote, nyuzi 25 mpaka 30 iko raha mustarehe, na Nairobi ya Julai ukiiacha mezani inaweza kukaa wiki tatu ukadhani umeuziwa mchanga. Kwa hiyo watu wanaweka juu ya friji ama juu ya dikoda, sawa kabisa, mi pia. Lakini ukiona ya kwanza tu imetoa kichwa, hata kama nyingine bado, toa hapo joto ipeleke kwenye mwanga siku hiyo hiyo. Sio kesho. Ikilala usiku mbili kwenye joto na giza imeshajivuta na haitarudi ndani.

Taa nunua, na usinunue ya bei. Tyubu ya LED ya kawaida ya wati 18 au 20, kwenye boksi angalia imeandikwa 6500K, ile nyeupe ya baridi, ifunge na kamba uweze kuishusha na kuipandisha. Iwe sentimita 10 mpaka 15 juu ya vichwa vya miche, watu wanaifunga darini halafu wanashangaa, taa ya hivyo ikiwa mbali haina kazi ni mapambo. Iwashe saa 14 mpaka 16, usiku izime nayo ipumzike. Hesabu ya tokeni ni hii, wati 20 mara saa 16 ni wati-saa 320 kwa siku, mwezi mzima hazifiki yuniti kumi. Pasi yako ya nguo inakula zaidi ya hapo kama mko wengi.

Ukija kununua yale mabapa makali ya wati mia hapo kinyume, anza mbali sentimita 50 au 60 huko, maana yataunguza. Weka mgongo wa kiganja chako pale usawa wa majani nusu dakika, kama wewe unaungua na mche unaungua. Taa za zambarau zinafanya kazi ila mi sizipendi, chini yake kila jani ni jeusi, ugonjwa unaingia huuoni, na majirani wanaanza kuuliza unalima nini humo ndani. Na ile balbu ya zamani ya njano ya moto achana nayo kabisa, inapika tu.

Hizo zilizorefuka sasa. Kama zingekuwa nyanya ningekwambia zika shina, nyanya inatoa mizizi ubavuni kote ilikofukiwa. Hoho haina tabia hiyo, ukiifukia sana inaoza. Zile zenye urefu wa kidole ziongezee udongo kidogo ziegemee, zilizozidi hapo sia upya, mbegu ni rahisi kuliko miezi mitatu ya kusubiri mti wa hovyo. Na kila ukipita piga mkono juu ya vichwa vyake polepole kama unapapasa kichwa cha mtoto, mara kumi kumi asubuhi na jioni. Mche ukitikiswa unanenepesha shina, nje upepo ndo unafanya hiyo kazi.

Bibi Shamba, sukuma wiki zangu zina siku nane, yale majani mawili ya kwanza yenye umbo la moyo yameanza kuwa njano. Nikaweka mbolea ya DAP punje moja moja kila tundu. Sasa kingo zimekauka kama zimepigwa pasi. Msomaji, Morogoro.

Umempa mtoto wa wiki moja ugali na maharage.

Yale majani mawili sio majani kamili, ni ya mbegu. Mche unatoka kwao na kifurushi chake cha safari, unakula humo mpaka utoe majani halisi, halafu yale ya kwanza yananyauka yanadondoka na hiyo ni kawaida. Ya siku nane ni mapema kidogo, uwezekano mkubwa ni maji mengi, soma jibu la Sinza hapo juu. DAP punje moja ndani ya tundu dogo vile ni chumvi kali, inanyonya maji kutoka kwenye mzizi badala ya kuuongezea. Okota punje unazoziona, mwagia maji mengi safi yapite yatoke chini, mara mbili, halafu acha ikauke. Ukiona majani halisi mawili yamefunguka ndo uanze mbolea, na iwe ile NPK ya kuyeyuka ya 19:19:19, gramu moja kwa lita, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa ndoo ya lita tano hivi, mara moja kwa wiki. Samadi mbichi ya kuku usithubutu kabisa kwenye trei, inaunguza kama DAP na inanuka juu.

Kuna vinzi vyeusi vidogo sana vinaruka nikigusa trei, na vingine vinazama kwenye chai. Mume wangu amesema nichague, yeye au trei. Msaada.

Shemeji mvumilie kidogo. Vinzi vyenyewe havina shida zaidi ya chai, shida ni watoto wake, vibuu vyeupe vyenye kichwa cheusi, vinakaa sentimita chache za juu za udongo uliolowa vinakula mizizi ya miche midogo. Kata kipande cha kiazi mbatata kilichomenywa, kilaze juu ya udongo usiku, asubuhi kigeuze, utavikuta vimejipanga chini. Hivyo tupa na kiazi chake. Kisha acha juu pakauke, nyunyizia mchanga mkavu unene wa nusu kidole, chomeka vipande vya plastiki ya njano vilivyopakwa mafuta ya mgando. Usiache baada ya siku tatu ukasema vimeisha, mzunguko wake ni kama wiki tatu mpaka nne kwa hiyo kaza mwezi mzima. Na kama unatupia majani ya chai humo kwenye trei ukidhani ni mbolea, acha, unavipikia.

Shikamoo Bibi Shamba, nipo Brooklyn Park, Minnesota, huku tuko Wakenya wengi na mnavu dukani hakuna. Mbegu ninazo. Nianze lini ndani? Na kuna kijana tunakaa naye amenunua hema la kuoteshea na taa kubwa, anataka aweke miche yake ya bangi humo, anasema sheria ya huku inaruhusu, na mimi niweke mnavu wangu pembeni. Vinakaa pamoja?

Marahaba. Nianze na mnavu maana ndo wangu. Huko kwenu baridi ya kuua mimea inaondoka katikati ya Mei, kwa hiyo sia mwanzoni mwa Aprili, mnavu haukawii, wiki tano umeshakuwa wa kuhamishwa. Mbegu ni ndogo kama za ufuta uliokonda, usizifukie, zitawanye juu, zibonyeze na kiganja, nyunyiza kavumbi kembamba basi. Hita za huko zinakausha hewa vibaya, funika na plastiki angavu mpaka ziote, zikiota tu iondoe siku hiyo, ukiiacha umefungua mlango wa kinyausi. Usiku sogeza trei mbali na kioo, kioo cha dirisha huko ni barafu hata kama chumba kina joto.

Sasa kijana wako. Sheria ya jimbo hajaongopa, tangu tarehe 1 Agosti 2023 Minnesota mtu wa miaka 21 na kuendelea anaruhusiwa mimea mpaka minane nyumbani, isiyozidi minne ikiwa imetoa maua, na iwe sehemu iliyofungwa kwa kufuli isiyoonekana na watu. Lakini wewe nyumba ni ya kupanga, soma mkataba. Na kuna kubwa kuliko hilo ambalo yeye labda kama amezaliwa huko halimuhusu, sheria ya serikali kuu ya Marekani bado inaikataza, na idara yao ya uhamiaji ilishaandika mwaka 2019 kwamba mtu anaweza kukwama kwenye maombi ya uraia kwa mambo ya bangi hata kama jimbo lake limeruhusu. Kama una grini kadi na unangoja kiapo, hema lenye jina lako kwenye risiti sio kitu cha kuchezea. Ongea na wakili, sio na mimi. Na msomaji wa Kenya au Tanzania unayetega sikio hapo, huku ni jinai, hata mche mmoja.

Kwa upande wa kilimo tu, mche ukiwa na wiki mbili hauna kabila. Bangi, nyanya, mnavu, vyote vinauliwa na maji mengi, vyote vinarefuka vikikosa mwanga, na mdudu akiingia kwa kimoja anahamia kwa kingine, vikishabanana kwenye hema moja hakuna hewa. Mwambie abaki na hema lake, wewe nunua tyubu yako ya wati 20 uiweke jikoni. Mnavu wako utakula na wageni bila kufunga mlango.

Bibi Shamba, nyanya zangu zilikuwa nzuri sana ndani, wiki ya tano, nikazitoa baraza Jumamosi saa nne asubuhi. Jumapili majani yana mabaka meupe kama karatasi. Nimezipa maji, nimezirudisha ndani, sioni nafuu. Mombasa.

Saa nne asubuhi, Mombasa, wiki ya tano chini ya taa. Pole zao.

Hilo ni jua limezibabua, sio ugonjwa, na yale mabaka hayaponi lakini mche wenyewe haujafa kama kikonyo cha katikati bado kijani. Hebu angalia pale juu kabisa, yale majani mawili madogo yamekunjana kama mikono ya mtu anaomba. Kama yako hai una nyanya.

Unatakiwa uikomaze kwanza. Siku ya kwanza itoe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, irudishe saa moja na nusu. Siku ya pili ongeza saa. Baada ya siku tatu iache kivulini mchana wote, chini ya mwembe ama nyuma ya pazia la nje, ipigwe na upepo wa bahari izoee, halafu jua la asubuhi zaidi, mpaka siku ya saba mpaka ya kumi iwe inalala nje. Siku hizo punguza maji kidogo, lakini usiiache ilegee.

Ukipandikiza fanya jioni. Usishike shina, shika jani, jani likikatika litaota lingine, shina likiminywa basi. Chimba shimo refu, kata majani ya chini, fukia mpaka karibu na yale majani ya mbegu au hata kuyapita. Baada ya wiki mbili kama una roho ngumu chimbua mmoja uangalie, utakuta lile shina lililokuwa laini limeota ndevu nyeupe kote. Mi huwa nachimbua mmoja kila mwaka, najua natakiwa nisifanye hivyo.

Sinza, niandikie trei imefikaje. Na umuulize na mtoto.